Bangi: Kutoka Lubuku ya Kalamba hadi Mashimo ya Katanga



Nimeombwa nifundishe habari za bangi kana kwamba mnakutana nayo leo kwa mara ya kwanza. Najua haiko hivyo. Katika mji wetu wa Lubumbashi ni vigumu kumpata mtu mzima ambaye moshi wake haujawahi kumpitia puani, iwe nyuma ya ukuta wa shule, iwe sokoni, iwe karibu na mahali wanapolala watoto wa barabarani. Lakini hatujaelezwa. Baba anamwambia mwanawe kwamba ukivuta mara moja tu unakuwa kichaa. Mtoto anamwona jirani anayevuta kila Jumamosi na Jumatatu yuko kazini, na tangu siku hiyo hamsikilizi tena baba yake katika habari za bangi, hata pale ambapo baba ana haki. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Jambo ninalotaka mlishike ni hili: bangi haifanyi kazi peke yake. Inachomtendea mtu hutegemea kiasi alichotumia, umri alionao na watu wanaomzunguka. Nitayafuata hayo matatu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tuanze Kasai, maana wengi wenu mna babu au bibi aliyetoka huko kuja kutumikia kampuni ya migodi ya Union Minière, hasa baada ya reli ya Bukama na Port-Francqui kumalizika mwaka 1928. Habari ninayotaka kuwapa ni ya kabla ya reli, na kabla ya Mbelgiji kuonekana kandokando ya mto Lulua.

Katika miaka ya 1860 na 1870 wafanyabiashara wa Kichokwe walikuwa wakipanda kutoka upande wa Angola na bunduki, baruti na nguo. Walitafuta pembe za ndovu, mpira na watumwa. Katika safari hizo hizo desturi ya kuvuta bangi iliingia kwa nguvu kwa watu ambao vitabu vya zamani vinawaita Bashilange, nasi leo tunawaita Balulua. Nchi ilikuwa imegawanyika vipandevipande, kijiji kikipigana na kijiji, na kila mganga alikuwa na hirizi yake. Akatokea mkuu mmoja, Mukenge, aliyejulikana kwa cheo cha Kalamba, pamoja na dada yake Sangula Meta, mwanamke mwenye sauti kubwa katika mambo ya ibada. Hao wawili waliichukua bangi wakaifanya msingi wa utaratibu mpya. Wafuasi wao waliitwa Bena Riamba, yaani watu wa bangi, na nchi yao wakaiita Lubuku, urafiki. Hirizi za zamani zilichomwa moto. Pombe ya mawese ilikataliwa. Watu walioshirikiana kiko walihesabiwa kuwa ndugu, na ndugu hawachinjani.

Kiko chenyewe kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Kilikuwa kibuyu kikubwa, kikubwa kiasi cha kumlazimu mtu akipakate kwa mikono miwili, chenye tundu la kuvutia na kibakuli cha udongo kilichochomekwa juu. Bangi iliwekwa kwenye kibakuli na kaa la moto juu yake. Mmoja alivuta pumzi ndefu, akakohoa sana, akampa wa pembeni yake. Hapakuwa na mtu wa kujificha nacho chumbani. Kilivutwa uwanjani jioni, mbele ya watu, kwa zamu, na wakubwa wapo. Aliyekosa naye aliadhibiwa kwa kiko hicho hicho: alivutishwa mfululizo mpaka akaanguka. Hapo mnaona kwamba watu wale walijua vizuri tofauti ya kiasi. Bangi kidogo katika mzunguko wa jioni ilikuwa urafiki, na bangi nyingi kwa mtu mmoja ilikuwa adhabu.

Habari hizi zimetufikia hasa kupitia Wajerumani wawili, Paul Pogge na Hermann Wissmann, waliofika kwa Kalamba mwaka 1881. Wissmann huyu ndiye yule ambaye miaka michache baadaye aliongoza vita vya Wajerumani dhidi ya Abushiri kwenye pwani ya Tanganyika, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Huku kwetu alipokewa kwa namna nyingine kabisa. Watu wa Lubuku waliwachukua wageni hao weupe kuwa wafu wao waliorudi kutoka upande wa maji, na Kalamba mwenyewe alifuatana na msafara mpaka Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Mwaka 1884 Wissmann alirudi na kuanzisha kituo cha Luluabourg katika nchi ya Kalamba, kwa msaada wa Kalamba. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyefundisha hapa Lubumbashi katika miaka ya 1970 na kuandika mengi juu ya Kiswahili chetu cha Katanga, alitumia kurasa nyingi za kitabu chake cha mwaka 2000 kuonyesha kwamba wapelelezi hao hawakuwa wakiangalia bangi kutoka mbali. Urafiki uliowafungulia njia ulipitia kwenye kiko.

Nisiwapambie. Lubuku haikuwa paradiso. Waliokataa utaratibu mpya walilazimishwa kutoa kodi, na biashara ya watumwa pamoja na Wachokwe iliendelea. Amani iliyokuwepo ilikuwa ya walio ndani ya duara. Ilitoka kwa Kalamba, kwa dada yake, kwa sheria waliyoweka na kwa jioni za uwanjani. Majani hayo hayo, mikononi mwa watu wasio na utaratibu wowote, hayajaleta amani popote ninapopajua.

Je, mmea huu ni wetu? Hapana, lakini ni mgeni aliyekaa sana. Asili yake ni Asia. Katika milima ya Pamir, magharibi mwa China, wachimbuzi walikuta makaburini vyungu vya mbao vilivyotiwa mawe ya moto, na mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kwamba ndani yake kulikuwa na mabaki ya bangi kali iliyochomwa yapata miaka 2,500 iliyopita. Kutoka huko ilienea India, na kutoka India ilivuka bahari pamoja na majahazi mpaka pwani yetu ya mashariki, ikija na jina lake la Kihindi, ndilo hili hili bangi. Katika pango liitwalo Lalibela, Ethiopia, vilipatikana vibakuli vya kiko vyenye mabaki yake, vinavyokadiriwa kuwa vya karne ya 14, yaani kabla tumbaku haijatoka Amerika. Mwaka 1609 padri Mreno João dos Santos aliandika habari za watu wa upande wa Sofala wanaotumia bangi. Mmisionari Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, aliwaeleza Wamakololo wa Zambezi wakivuta kwa kiko chenye maji.

Waasia wengi waliila au waliinywa. Waafrika ndio walioifanyia ufundi mkubwa wa kuivuta, kwa pembe, kwa vibuyu, kwa udongo, hata kwa tundu lililochimbwa ardhini. Na mkifuata njia zake ndani ya bara mtaona zinafanana na njia za kazi ngumu: wapagazi wa misafara, watumwa, mabaharia, baadaye watu wa migodini na mashambani. Mtu aliyebeba mzigo kuanzia alfajiri alitaka kitu cha kumtuliza mwili na kumfupishia usiku. Chris Duvall, mwanajiografia Mmarekani aliyeandika historia ya bangi Afrika mwaka 2019, ameyasisitiza hayo, nami nakubaliana naye kabisa. Tukitaka kujua kwa nini bangi ipo leo kwenye mashimo ya kobalti na shaba, kwanza tuuangalie mgongo wa mtu anayechimba.

Wakubwa wa zamani waliliona hilo pia, lakini kwa jicho la tajiri. Huko Natal, Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1870 iliwakataza vibarua Wahindi wasivute. Kongo ya mfalme Leopold ilitoa amri yake ya kukataza bangi mwaka 1903, wakati ule ule ambapo watu wa vijijini walikuwa wakipigwa na kukatwa mikono kwa ajili ya mpira. Sioni namna ya kuamini kwamba serikali iliyofanya hayo ilikuwa ikihurumia mapafu ya babu zetu. Ilitaka mikono ya kazi, tena mikono isiyokusanyika jioni. Na mjue kwamba wakati huo uchunguzi ulikuwa umekwisha kufanyika: serikali ya Waingereza nchini India iliunda tume mwaka 1893, ikawahoji watu zaidi ya 1,000, na mwaka 1894 ikatoa ripoti ya juzuu nyingi iliyosema kwamba matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa, bali yale ya kupita kiasi ndiyo yanayoharibu.  Hata hivyo, kwenye mkutano wa Geneva wa mwaka 1924 na 1925 uliohusu afyuni, mjumbe wa Misri alisimama akadai bangi nayo itiwe katika mkataba, na ikatiwa. Mkataba mkubwa wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 uliiweka kwenye safu ya dawa kali kabisa pamoja na heroini.

Tazameni mpangilio wa miaka hiyo. Mwaka 1961 dunia nzima ilikuwa imekwisha kuhukumu, na hakuna mtu aliyekuwa anajua kwa hakika ni kitu gani ndani ya bangi kinachomlevya mtu.

Sasa tuingie kwenye mmea. Bangi ni mmea wa msimu mmoja. Hupandwa kwa mbegu, hupanda juu haraka, majani yake yamegawanyika kama vidole vilivyotandazwa. Mwaka 1753 Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya Kilatini, aliuandika kwa jina la Cannabis sativa. Upo mmea dume na upo mmea jike, kama ilivyo kwa mpapai. Dume hutoa vumbi la kuzalisha na kazi yake inaisha. Jike ndiye anayetoa maua yanayotafutwa. Ukichukua ua la jike ukaliangalia kwa kioo cha kukuza, utaona limefunikwa na vinywele vidogo sana vinavyong'aa, kila kimoja kina kichwa cha mviringo mithili ya tone. Ndani ya vichwa hivyo mna utomvu unaonata vidoleni, na nguvu ya bangi imo humo. Shina halina kitu, mbegu hazina kitu, majani makubwa yana kidogo. Nazo aina za katani ya bangi zinazolimwa kwa ajili ya nyuzi na mafuta ya mbegu hazimlevyi mtu hata akizivuta gunia zima. Katika nchi nyingi sheria hudai ziwe na chini ya asilimia 0.3 ya ile kemikali ya kulevya.

Kemikali hiyo inaitwa tetrahidrokanabinoli, kwa kifupi THC. Aliyeitenga na kuujua muundo wake alikuwa Raphael Mechoulam pamoja na mwenzake Yechiel Gaoni, huko Israeli, mwaka 1964. Zipo kemikali nyingine za ukoo huo zaidi ya 100 ndani ya mmea, na ya pili kwa umaarufu ni kanabidioli, CBD, ambayo hailevyi. Kuna jambo linalowashangaza wengi: jani bichi halina THC ya kutosha. Ndani ya mmea kemikali hiyo imo katika hali ya asidi, na asidi hiyo hailevyi. Joto la moto ndilo linaloibadilisha. Mbuzi akiingia shambani akala majani mabichi, hapati kile anachopata mvutaji mwenye kiberiti.

Na nguvu haiko sawa kila mahali. Nchini Marekani, bangi iliyokamatwa na polisi ilipopimwa, wastani wa THC ulikuwa asilimia 4 mwaka 1995, na asilimia 12 hivi mwaka 2014. Wakulima wamechagua mbegu, wamewatenga majike wasizalishwe ili maua yajae utomvu, na wapo wanaokamua utomvu huo kwa kemikali mpaka upite asilimia 60. Mzee anayesema, "Sisi tulivuta na hatukupata shida," na kijana anayevuta leo kilichotoka nje ya nchi, wanaweza kuwa wanazungumzia vitu vilivyo mbali kama kinywaji chepesi cha munkoyo na pombe kali ya lutuku. Neno bangi ni moja, lakini kiasi si kimoja.

Ikishaingia mwilini inafanya nini? Jibu lilipatikana kwa kuchelewa sana. Mwaka 1988, nchini Marekani, Allyn Howlett na William Devane waligundua kwamba seli za ubongo zina mahali maalumu panapopokea kemikali za bangi. Swali likazuka lenyewe: kwa nini ubongo wa binadamu uwe na mlango wa mmea wa Asia? Mwaka 1992 Devane huyo huyo, Lumír Hanuš na Mechoulam wakapata jibu. Mwili hutengeneza kemikali yake yenyewe ya namna hiyo, wakaiita anandamidi, kutoka neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Mlango ulikuwa wa mwenye nyumba, na THC huufungua bila kubisha. Kemikali ya mwili hutolewa kidogokidogo, mahali inapohitajika tu, na huvunjwa upesi. THC huingia kwa wingi, kila mahali kwa wakati mmoja, na hukaa.

Milango hiyo, ambayo wataalamu huiita vipokezi, imejaa katika sehemu za ubongo zinazoshika kumbukumbu mpya, zinazopanga mwendo wa viungo, zinazopima hatari na hofu, zinazoamsha njaa. Sasa mnaweza wenyewe kueleza mnayoyaona. Mtu anasahau alichoanza kusema. Mikono yake inachelewa. Dakika tano anaziona kama nusu saa. Anakula bukari ya watu wawili na sombe yote. Mmoja anacheka bila sababu, mwingine, kwa bangi ile ile, anaona kila mtu anamsema. Moyo unaenda mbio, macho yanakuwa mekundu kwa sababu mishipa midogo ya damu imepanuka. Lakini sehemu ya chini ya ubongo inayoendesha pumzi ina vipokezi vichache sana, na ndiyo sababu bangi haimzimi mtu pumzi kama heroini inavyofanya. Hilo ni kweli na lazima lisemwe, kwa sababu vijana wanalijua. Haina maana kwamba haiui kwa njia nyingine.

Njia hiyo nyingine nataka niiseme taratibu, maana tuko Katanga. Mchimbaji wa mikono anashuka shimoni kwa kamba au kwa vikanyagio alivyochonga ukutani. Chini hakuna mbao za kushikilia dari. Kinachomwokoa ni sikio linalosikia mchanga ukianza kudondoka, na miguu inayoondoka mara moja. Bangi huchelewesha hasa vitu hivyo viwili, kusikiliza kwa makini na kuitikia upesi. Humpunguzia hofu pale ambapo hofu ndiyo kinga yake pekee. Wapo wanaoniambia kwamba bila hiyo hawawezi kushuka. Ninawaamini. Na nikisikia hivyo, naona kwamba tatizo la kwanza liko kwenye shimo, kwenye bei anayolipwa kwa mfuko, na kwa wanaonunua madini bila kuuliza yametoka wapi. Kumfunga kijana kwa misokoto miwili na kuliacha shimo wazi hakumwokoi yeyote. Hayo ya kuchelewa kuitikia yanamhusu pia dereva wa lori wa barabara ya Kasumbalesa na mwendesha pikipiki anayebeba watoto wetu.

Kuna tofauti pia kati ya kuvuta na kula. Moshi hufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache na hali hupungua baada ya saa mbili hadi nne. Anayekula, kwa mfano bangi iliyotiwa kwenye keki, huenda asihisi kitu kwa nusu saa hadi saa mbili. Anadhani haina nguvu, anaongeza. Wakati huo ini linaigeuza THC kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi, na mzigo wote unashuka kwa pamoja. Aliyezidiwa hivyo hafai kuchapwa wala kumwagiwa maji. Mkalishe mahali patulivu, mnyweshe maji kidogo akiwa macho, kaa naye, mwambie itapita. Akiwa mtoto mdogo aliyekula kwa bahati mbaya, au mtu mwenye maumivu ya kifua, au aliyezimia, mpelekeni hospitali bila kuchelewa na mumweleze daktari ukweli. Na kwa kuwa THC hupenda mafuta, hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Mvutaji wa kila siku anaweza kuonekana kwenye kipimo cha mkojo wiki kadhaa baada ya kuacha.

Sasa umri. Ningekuwa na dakika kumi tu za kusema nanyi, ningezitumia zote hapa. Ubongo wa binadamu haumalizi kujengwa akiwa na miaka 15, wala 18. Kazi inaendelea mpaka karibu na miaka 25. Katika ujenzi huo, ile kemikali ya mwili niliyoitaja ni mmoja wa mafundi, inasaidia kuamua nyaya zipi za ubongo zibaki na zipi zikatwe. Kumimina THC kila siku juu ya kazi hiyo ni hatari ya namna tofauti kabisa na ile ya mzee wa miaka 50. Nchini Uswidi vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini waliulizwa habari za bangi, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 15. Matokeo yalitangazwa mwaka 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipata ugonjwa wa skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Si yote yaliyosababishwa na bangi, maana wengine walikuwa na shida tangu mwanzo, na hesabu za baadaye zilipunguza tofauti hiyo, lakini hazikuifuta. Uchunguzi wa mwaka 2019 katika miji ya Ulaya na Brazili ulionyesha kwamba wanaovuta kila siku bangi yenye THC zaidi ya asilimia 10 wako katika hatari karibu mara tano ya kupatwa na wazimu ukilinganisha na wasiovuta kabisa.

Basi baba aliyesema ukivuta mara moja unakuwa kichaa hakusema kweli, na kijana anayesema haina kitu hakusema kweli pia. Wengi wanaovuta hawapati wazimu. Lakini yupo anayepata, na aliye hatarini zaidi ni yule aliyeanza akiwa mdogo, anayevuta kila siku, na mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua akili. Familia inayojua kwamba mjomba aliugua hivyo isilifiche jambo hilo kwa aibu. Iwaambie watoto waziwazi. Mtoto akianza kusikia sauti, kujitenga, kuongea peke yake usiku, msimalize miezi kwa wachungaji na waganga kabla ya kumpeleka kwa madaktari wa akili. Mji wetu una kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Kadiri anavyotibiwa mapema, ndivyo anavyopona vizuri zaidi.

Kuhusu kuzoea, makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba kati ya watu kumi wanaojaribu, mmoja hivi anashindwa kuacha. Kwa walioanza katika ujana, ni mmoja kati ya sita. Anayeacha hukosa usingizi, hukasirika, hukosa hamu ya chakula. Ukali wake ni wiki ya kwanza, na mengi hupungua ndani ya wiki mbili au tatu. Mjue hivyo, mke au mama wa mtu anayejaribu kuacha, ili hasira zake za siku ya nne zisiwafanye mumfukuze nyumbani. Mama mjamzito aache kabisa, kwa sababu THC hupita hadi kwa mtoto na huongeza uwezekano wa kuzaliwa na uzito mdogo. Na moshi ni moshi: lami inayobaki kwenye mapafu haiulizi ilitoka kwenye jani gani.

Vipi kuhusu sheria? Kwetu Kongo bangi bado imekatazwa, na aliyekamatwa nayo anaweza kufungwa. Lakini majirani wanabadilika. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata 2018, Malawi 2020. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anayevuta faraghani asishtakiwe. Zambia, hapo tu ng'ambo ya Kasumbalesa, ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuruhusu kilimo kwa leseni, kwa ajili ya dawa na kuuza nje. Msidanganywe: haina maana kwamba unaweza kuvuka mpaka na mfuko wako. Tarehe 2 Desemba 2020 Tume ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliitoa bangi kwenye ile safu iliyokuwa pamoja na heroini, ikakubali kwamba ina kazi katika tiba.

Kazi hiyo ni ipi hasa? Ni ndogo kuliko wanavyodai wauzaji wa chupa za miujiza, lakini ipo. THC iliyopimwa vizuri hutuliza kichefuchefu cha wanaotibiwa kansa na kurudisha hamu ya chakula kwa baadhi ya wagonjwa wa UKIMWI. Mchanganyiko wa THC na CBD hulegeza misuli iliyokakamaa kwa wenye ugonjwa fulani wa neva. Haiponyi kansa, haiponyi malaria, haiondoi virusi vya UKIMWI, na atakayewaambia wagonjwa waache vidonge vyao kwa ajili ya chai ya majani anawaua.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni wa kifafa. Juni 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya CBD safi iitwayo Epidiolex kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto, ambazo dawa za kawaida mara nyingi huzishindwa. Habari hiyo imefika hadi mtaa wetu wa Katuba, na kuna mama ameniuliza kama amchemshie mwanawe majani. Nilimjibu hapana, na ninawajibu ninyi nyote vivyo hivyo. Dawa ile ni CBD iliyosafishwa na kupimwa kwa miligramu. Majani ya sokoni yamejaa THC, na hakuna anayejua ni kiasi gani kimo kikombeni. Kifafa cha watoto wengi hapa kwetu kinatulizwa na fenobarbitali, kidonge cha bei ndogo, mradi kitolewe kila siku bila kuruka na mganga wa kituo cha afya amfuatilie mtoto. Mama huyo aende na mwanawe kituoni kesho asubuhi, aeleze degedege lilianza lini na hutokea mara ngapi, na kama kuna dawa ya majani aliyokwisha kumpa aiseme pia.